Umanjano wa mtoto ukizidi wiki mbili, usingoje arubaini

MTOTO mchanga anapogeuka rangi ya manjano machoni na kwenye ngozi siku ya pili au ya tatu baada ya kuzaliwa, wazee nyumbani aghalabu hawashtuki. Humwambia mama amtoe nje apate jua la asubuhi, amnyonyeshe mara kwa mara na kuwa na subira.

Subira hiyo mara nyingi huzaa matunda. Watoto 6 hivi kati ya kila 10 waliozaliwa baada ya kutimiza miezi yao hupatwa na umanjano katika wiki ya kwanza. Miongoni mwa waliozaliwa kabla ya wakati, idadi hiyo hufika 8 kati ya 10. Walio wengi hurejelea rangi yao ya kawaida kabla ya wiki mbili kupita.

Hata hivyo, kuna kundi dogo la watoto ambao umanjano wao hauishi. Wiki ya pili hupita, ya tatu ikaingia, na macho yakabaki vile vile. Huenda mtoto huyo ananyonya vyema, analala vyema na hata kuongeza uzani, lakini ndani ya mwili wake ini linaumia. Kwa mtoto wa aina hii, ushauri wa kungoja ndio unaoweza kumgharimu maisha.

Wataalamu wa maradhi ya watoto huliita tatizo hili mchochota wa ini, yaani ini kufura na chembechembe zake kuharibika. Swali ambalo kila mzazi huuliza anapoelezwa habari hiyo ni moja: je, mtoto wangu atakuwa na maisha ya aina gani akikua?

Jibu hutegemea mambo mawili: chanzo cha mchochota huo, na siku ambayo chanzo hicho kiligunduliwa. La kwanza mzazi hana uwezo nalo. La pili, kwa kiasi kikubwa, limo mikononi mwake na mwa mhudumu wa kliniki iliyo karibu naye.

Aina mbili za umanjano

Ili kuelewa jambo hili, ni vyema kufahamu kazi ya ini. Chembechembe nyekundu za damu zinapozeeka na kuvunjika, hutoa uchafu wa rangi ya manjano uitwao bilirubini. Ini huuchukua uchafu huo kutoka kwa damu, likaubadilisha na kuutia ndani ya nyongo. Nyongo nayo hupita katika mirija myembamba hadi kwenye utumbo, na hatimaye hutoka pamoja na kinyesi. Nyongo ndiyo hukipa kinyesi cha binadamu rangi yake.

Mtoto anapozaliwa, ini lake bado halijakomaa kwa kazi hii. Uchafu huo hulimbikizana katika damu kwa siku chache kisha hupungua ini linapopata nguvu. Huo ndio umanjano wa kawaida. Lakini hata huo haufai kupuuzwa ukijitokeza ndani ya saa 24 za kwanza, ukifika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto akilegea na kukataa kunyonya. Hiyo ni dharura, kwa kuwa bilirubini ikizidi mno inaweza kuudhuru ubongo. Dawa yake ni taa maalum za hospitalini, na jua la asubuhi haliwezi kuchukua nafasi yake.

Aina ya pili hutokea wakati ini limekwisha kuibadilisha bilirubini lakini nyongo haitoki, ama kwa sababu ini lenyewe linaumwa au kwa sababu mirija imeziba. Hapa jua halisaidii kitu, na taa pia hazisaidii.

Tofauti kati ya aina hizi mbili haionekani kwa kutazama ngozi pekee. Huonekana katika damu, mkojo na kinyesi. Kipimo cha damu kinachotenganisha bilirubini iliyobadilishwa na ile ambayo haijabadilishwa ndicho hutoa uamuzi. Ile iliyobadilishwa ikizidi miligramu 1 katika kila desilita ya damu, mtoto huyo anahitaji uchunguzi wa kina bila kukawia.

Chanzo ndicho huamua hatima

Mchochota wa ini kwa mtoto mchanga una vyanzo vingi. Baadhi ni maambukizi aliyoyapata tumboni au wakati wa kuzaliwa, mathalan kaswende, rubela, toksoplasma na virusi vya sitomegalo. Wakati mwingine ni bakteria walioingia katika damu au njia ya mkojo baada ya kuzaliwa. Vingine ni kasoro za kurithi katika namna mwili unavyotumia chakula, au upungufu wa homoni za tezi dundumio iliyo shingoni.

Mengi ya maradhi hayo yana tiba, na hapo ndipo matumaini yalipo. Kaswende hutibiwa kwa penisilini. Maambukizi ya bakteria hutibiwa kwa dawa za kuua viini. Mtoto asiye na homoni za kutosha hupewa homoni hizo kila siku, na ini lake hutulia. Asipopewa, huenda akapona ini lakini akabaki na akili iliyodumaa.

Galaktosemia ni ugonjwa wa nadra, lakini unaonyesha vyema jinsi wakati ulivyo na thamani. Mtoto aliye nao hawezi kuisaga sukari iliyomo katika maziwa, yakiwemo ya mama yake. Kila anaponyonya, ini lake huumia. Asipogunduliwa mapema anaweza kufa katika wiki za kwanza. Akigunduliwa na kuachishwa maziwa ya aina hiyo, ini hupona. Hata hivyo, mama hafai kumwachisha mtoto kunyonya kwa kukisia. Uamuzi huo ni wa daktari baada ya vipimo.

Virusi vya sitomegalo navyo vina hadithi tofauti. Ini lililoharibiwa na virusi hivi aghalabu hupona lenyewe baada ya miezi kadhaa. Kinachobaki ni hatari ya mtoto kupoteza uwezo wa kusikia, wakati mwingine akiwa na miaka kadhaa. Ndiyo maana mtoto kama huyo anafaa kupimwa masikio mara kwa mara hata baada ya macho yake kurudi kuwa meupe.

Kuna watoto pia ambao madaktari hupima kila kitu na wasione chanzo chochote. Kwa hao, habari njema ni kwamba wengi hupona kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na huendelea kukua bila tatizo la kudumu. Hali huwa ngumu zaidi pale ambapo ndugu mwingine katika familia aliwahi kuugua vivyo hivyo, kwani hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kurithi. Mzazi aliyewahi kumpoteza mtoto mwenye umanjano hapaswi kulificha jambo hilo kwa daktari.

Mirija inapoziba

Ugonjwa unaowatia hofu zaidi madaktari hufanana mno na mchochota wa kawaida wa ini, ilhali matibabu yake ni tofauti kabisa. Ni ule ambao mirija ya nyongo iliyo nje ya ini huziba na kugeuka kovu katika wiki za kwanza za maisha. Nyongo hukwama ndani ya ini na kuanza kulila.

Katika mataifa ya Ulaya, ugonjwa huu humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Barani Asia, hasa Taiwan, huonekana mara nyingi zaidi. Usipotibiwa, ini husinyaa na kujaa makovu, na wengi wa watoto hao hufariki kabla ya kufikisha miaka miwili.

Hadi miaka ya 1950, hapakuwa na la kufanya kwa wengi wao. Mambo yalibadilika pale daktari wa upasuaji wa Japani, Morio Kasai, wa Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai, alipobuni mbinu ya kuiondoa mirija iliyoziba na kuushona utumbo moja kwa moja kwenye ini ili nyongo ipate njia. Alichapisha matokeo yake mwaka 1959, na hadi leo upasuaji huo hujulikana kwa jina lake.

Lakini upasuaji wa Kasai una masharti ya wakati. Ukifanywa kabla ya mtoto kutimiza siku 60, nyongo huanza kutiririka kwa takriban thuluthi mbili za watoto. Siku 90 zikipita, uwezekano huo hushuka mno kwa sababu makovu yamekwisha kulijaa ini.

Hapa ndipo kalenda ya nyumbani na kalenda ya ugonjwa zinapogongana. Katika jamii nyingi za Pwani, mama na mtoto hukaa ndani hadi arubaini itimie. Kwingineko nchini, mama wengi hurudi kliniki mtoto akiwa na wiki sita, siku ya chanjo. Mtoto anapotoka arubaini, thuluthi mbili za zile siku 60 zimekwisha. Anapodungwa chanjo ya wiki sita, zimesalia siku 18 pekee.

Katika siku hizo 18, mtoto anapaswa kupimwa damu, kupigwa picha ya tumbo, wakati mwingine kutolewa kipande cha ini ili kichunguzwe, kisha kupelekwa kwa mpasuaji wa watoto. Wapasuaji hao ni wachache, na wengi hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa, kama vile Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret. Kwa familia iliyo Lodwar au Mandera, kutafuta nauli na barua ya rufaa peke yake kunaweza kumaliza siku hizo.

Kadi ya rangi

Taiwan ilitatua sehemu kubwa ya tatizo hili kwa karatasi. Kuanzia mwaka 2004, kila mama aliyejifungua nchini humo alipewa kadi yenye picha za rangi mbalimbali za kinyesi cha mtoto. Kazi yake ilikuwa kulinganisha alichokiona kwenye nepi na picha hizo, na kupiga simu iwapo rangi ilikuwa ya kutiliwa shaka. Wazo hilo lilikuwa limejaribiwa kwanza nchini Japani katika miaka ya 1990.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Kabla ya kadi hiyo, watoto wapatao 27 kati ya kila 100 wenye mirija iliyoziba ndio waliofikisha miaka mitano wakiwa na ini lao wenyewe na bila umanjano. Baada ya kadi kuanza kutumika, idadi hiyo ilipanda hadi 64. Dawa hazikuwa mpya, wala upasuaji haukuwa mpya. Kilichobadilika ni kwamba watoto walifika hospitalini mapema.

Mzazi asiye na kadi bado ana macho yake. Baada ya kile choo cheusi cha siku za mwanzo, kinyesi cha mtoto anayenyonya hupaswa kuwa cha manjano, kahawia au kijani. Kinyesi cheupe kama chokaa, cha kijivu kama majivu, au kilichopauka kama udongo mkavu wa mfinyanzi si cha kawaida hata siku moja. Mkojo nao hupaswa kuwa kama maji. Ukiiacha nepi na doa la manjano yaliyokolea au rangi ya chai, hiyo pia ni ishara.

Ni muhimu kukumbuka kwamba rangi hupauka polepole. Mtoto anaweza kuwa na kinyesi cha manjano katika wiki ya kwanza, kisha kikaanza kufifia wiki ya tatu. Hivyo kukitazama mara moja siku ya kutoka hospitalini hakutoshi.

Dalili nyingine ni damu. Ini lisilotoa nyongo humnyima mtoto vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda. Kitovu kinachovuja damu, fizi zinazotoka damu, au damu isiyokoma mtoto anapopashwa tohara ni mambo ya kumpeleka hospitalini siku hiyo hiyo. Wakati mwingine damu huvujia ndani ya ubongo, na mtoto akabaki na ulemavu ambao hautokani na ini lenyewe bali na kuchelewa kwa sindano moja.

Maisha baada ya matibabu

Mzazi wa mtoto aliyepasuliwa anafaa kuelezwa ukweli wote. Upasuaji wa Kasai humpa mtoto muda, na kwa wachache humpa maisha yake yote. Takriban nusu ya watoto huhitaji ini jingine katika miaka ya mwanzo, na wengi wa waliosalia hulihitaji baadaye. Hata hivyo, wapo waliofikisha utu uzima na kuzaa watoto wao wakiwa na ini walilozaliwa nalo.

Safari ya upandikizaji wa ini ilianza na watoto kama hawa. Jaribio la kwanza kwa binadamu lilifanywa mwaka 1963 mjini Denver, Marekani, na Dkt Thomas Starzl, na mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu mwenye mirija iliyoziba. Mtoto huyo alifariki wakati wa upasuaji. Mwaka 1989, madaktari mjini Brisbane, Australia, walifaulu kumpandikizia mtoto kipande cha ini la mamake. Ini lina uwezo wa kumea tena, hivyo mzazi hubaki na ini linalomtosha na kipande alichotoa hukua pamoja na mtoto.

Siku hizi, katika vituo vyenye uzoefu, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 waliopandikizwa ini huwa hai miaka mitano baadaye. Familia nyingi za Afrika Mashariki husafiri hadi India kwa tiba hiyo, na gharama yake huwa ni ya harambee. Baada ya hapo mtoto hutumia dawa kila siku maisha yake yote ili mwili usilikatae ini jipya.

Kwa watoto wote wenye ini linalougua, awe amepasuliwa au la, lishe ni sehemu ya tiba. Bila nyongo ya kutosha, mafuta ya chakula na vitamini A, D, E na K hazisharabiwi vyema. Mtoto hukonda, mifupa yake hulainika, na huchelewa kutembea. Huhitaji vitamini za ziada na kupimwa uzani kila mara. Aliyefanyiwa upasuaji wa Kasai akipata homa, asipewe tu dawa ya kupunguza joto nyumbani. Huenda bakteria wamepanda hadi kwenye ini, na kila maambukizi ya namna hiyo hupunguza miaka ya ini hilo.

Dawa za mitishamba nazo hazifai kwa mtoto mchanga. Ini ndilo husafisha kila kitu kinachoingia mwilini, na ini linalougua halina nguvu ya kuukabili mchanganyiko usiojulikana.

Virusi visivyo na dalili

Kuna mchochota mwingine wa ini ambao hauonyeshi umanjano wowote utotoni, na huenda ndio wenye madhara makubwa zaidi baadaye. Huo ni ule wa hepatitisi B.

Mtu mzima anapoambukizwa virusi hivi, uwezekano wa kubaki navyo daima ni chini ya 5 kwa kila 100. Kwa mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano huo hufika 90 kwa kila 100. Hukua akionekana mzima, akaenda shule, akaoa au kuolewa, kisha katika umri wa kufanya kazi ini likaanza kusinyaa au kuota saratani.

Chanjo inayotolewa Kenya katika wiki za 6, 10 na 14 ina kinga dhidi ya virusi hivi. Lakini kwa mtoto ambaye mamake ana virusi, wiki ya sita imechelewa. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2009 kwamba kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Taiwan, iliyoanza kuwachanja watoto wachanga kote nchini mwaka 1984, iliona saratani ya ini miongoni mwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ikipungua kwa karibu nusu kufikia mapema miaka ya 1990.

Kwa hivyo mama mjamzito anafaa kuomba apimwe hepatitisi B anapohudhuria kliniki. Akipatikana navyo, aulize mapema kuhusu dawa za kupunguza virusi kabla ya kujifungua, na ahakikishe kuwa chanjo ya mtoto ipo hospitalini kabla ya uchungu kuanza. Anaweza kumnyonyesha mtoto wake bila hofu.

Kwa umanjano, hesabu ya mzazi ni nyepesi. Siku ya 14 ikifika na macho ya mtoto bado ni ya manjano, mpeleke kliniki na uombe kipimo cha bilirubini cha aina zote mbili. Aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kungojewa hadi siku ya 21. Kinyesi kikiwa cheupe au cha kijivu, usingoje siku yoyote. Beba nepi yenyewe, kwa kuwa mhudumu akiiona kwa macho yake hatakuwa na sababu ya kukurudisha nyumbani ukaote jua.